Chokoleti ya Mababu haiuzwi Mababu

Kila ukoo wenye mtu ughaibuni una maagizo yake. Kwetu yalikuwa matatu: dawa ya presha, viatu vya namba zisizopatikana Kariakoo, na chokoleti. Dawa na viatu vimebadilika kadiri wazee walivyoondoka na watoto walivyokua, lakini chokoleti imebaki, na kadiri ilivyobaki ndivyo tulivyozidi kuwa wachaguzi. Siku hizi hakuna anayesema tu "niletee chokoleti". Msafiri anaambiwa alete ile ya Uingereza na siyo ya Marekani, hata kama zote mbili zina karatasi ya zambarau. Ageuze nyuma asome imetengenezwa wapi. Aipakie kwenye mkoba wa mkononi, maana begi kubwa likishushwa hapa Dar linaweza kukaa juani mpaka wapakuaji wamalize stori zao.

Mimi ndiye niliyeanzisha vurugu hizi. Napenda chokoleti kuliko inavyompasa mtu mzima mwenye mke na mkopo wa benki, na kwa miaka mingi nimekuwa na swali moja ambalo rafiki zangu wanaliona la kipuuzi: kwa nini kitu kidogo namna hii, kinachoingia mfukoni, kinashindwa kuvuka mpaka? Tufaha za Afrika Kusini zimejaa hapa. Simu ikizinduliwa China leo, baada ya muda mfupi iko Kariakoo, ikiwa na kava lake. Lakini kuna chokoleti ukiitaka lazima uwe na shemeji Leicester. Wengi husema ni umbali. Nimekuja kuona kwamba umbali ndiyo sababu ndogo kuliko zote.

Chukua Cadbury. Kwa Mwafrika Mashariki wa rika langu, jina hilo na chokoleti vilikuwa kitu kimoja. Kopo la Drinking Chocolate lilikaa kabatini likisubiri mgeni wa maana, na chokoleti yenyewe ilikuja Krismasi au mtu akifaulu mtihani. Kiwanda kilikuwa jirani tu, Nairobi. Mwaka 2014 kampuni ikafunga uzalishaji pale na kuanza kulihudumia soko letu kutoka viwanda vyake vya nchi nyingine, Misri ikiwemo. Karatasi ilibaki ile ile na wengi hawakujua kama kuna lolote lililotokea. Mama yangu alijua. Alionja kipande kimoja akasema hii imepikwa na mtu mwingine, na sisi tukamcheka, kwa sababu hakuwa na habari yoyote ya viwanda.

Ile ambayo ukoo wetu unaiheshimu ni ya Uingereza. John Cadbury alifungua duka lake Birmingham mwaka 1824, wanawe wakahamishia kiwanda nje ya mji, Bournville, mwaka 1879, na Dairy Milk ikatoka mwaka 1905 ikijivunia kuwa na maziwa mengi kuliko wenzake. Mpaka leo ukisoma viambato vyake, maziwa ndiyo yanayotajwa kwanza. Ni laini, inateleza, na ina ile harufu ya maziwa yaliyochemka mpaka yakakaribia kushika chini ya sufuria. Waingereza wenyewe wanalalamika kwamba imeharibika tangu Kraft ya Marekani iinunue kampuni mwaka 2010. Siwabishii, ni yao. Mimi huila kimya.

Ya Marekani ni kisa kingine. Tangu mwaka 1988 haki ya kutengeneza Cadbury nchini humo ni ya kampuni ya huko huko, Hershey. Jina ni lile, zambarau ni ile, mwandiko ni ule ule wa madaha, lakini ndani ni kazi ya Hershey na kwenye viambato sukari ndiyo inayotangulia. Na Hershey wana ladha yao. Chokoleti yao ya maziwa, iliyoanza kuuzwa mwaka 1900, ina uchachu fulani unaobaki kooni. Wanakemia huutaja kwa jina la asidi ya butiriki, ambayo iko pia kwenye jibini kali na, mnisamehe mnaokula, kwenye matapishi. Mmarekani aliyelelewa nayo hausikii uchachu huo, au anausikia na kukumbuka kwao. Mtu aliyekua akinywa maziwa mgando hana haki ya kumcheka Mmarekani kwa hilo, ingawa mimi nilimcheka.

Hapa ndipo hoja ya umbali inapoanguka. Kati ya London na New York kuna ndege mchana na usiku, na New York wapo Waingereza wa kutosha kuwa na maduka yao ya majani ya chai na biskuti za kwao. Kwa miaka maduka hayo yaliuza Cadbury ya Uingereza bila shida. Mwaka 2015 Hershey, baada ya kuwashitaki waagizaji, wakafikia makubaliano nao kwamba Cadbury ya Uingereza isiingizwe tena. Na si hiyo tu. Toffee Crisp, chokoleti nyingine ya Uingereza, iliwekwa kwenye orodha kwa madai kwamba karatasi yake ya rangi ya chungwa inafanana mno na ya Reese's, ambayo ni ya Hershey. Yorkie, nayo ya Uingereza, ikaingia kwa sababu Hershey wana pipi yao ya mnanaa inayoitwa York. Watu walikusanya saini za kupinga, magazeti yakaandika, na chokoleti ikawa jambo la kuleta kwenye sanduku. Ukitazama vizuri utaona kwamba Mwingereza wa Manhattan alijikuta ghafla katika hali ile ile ya Mtanzania wa Mbagala: anamsubiri shangazi atue.

Upo pia uhaba wa aina nyingine, wa kuudhi zaidi, ambapo jina lipo lakini kitu chenyewe hakipo. Ukiomba Milky Way Marekani utapewa chokoleti nzito yenye karameli. Ukiomba Milky Way Uingereza utapewa nyepesi, haina karameli, ndani ni tamu laini kama povu tu. Ile nzito, Mwingereza anaiita Mars. Chanzo ni ugomvi wa nyumbani. Frank Mars alitoa Milky Way yake Minneapolis mwaka 1923. Mwanawe Forrest akakosana naye, akavuka bahari, na mwaka 1932 akaanza kutengeneza pale Slough, Uingereza, chokoleti iliyofanana sana na ya baba yake, akaipa jina la ukoo. Baba na mwana hawakupatana, na karibu karne nzima baadaye binti yangu ananuna sebuleni kwa sababu Milky Way aliyoletewa si ile aliyoonja kwa rafiki yake.

KitKat nayo ilizaliwa katika mji wa York, Uingereza, mwaka 1935. Nestlé waliipata walipoinunua kampuni iliyoianzisha, Rowntree, mwaka 1988, lakini kwa upande wa Marekani leseni ilikuwa imekwisha kwenda kwa Hershey tangu 1970, na iko huko mpaka leo. Wajapani wao wana KitKat ya chai ya kijani, ya viazi vitamu, na nyingine nyingi za msimu na za mkoa. Nimeonja ya chai ya kijani. Mara moja inatosha.

Sheria nayo ina vituko vyake. Yai la Kinder lenye mwanasesere ndani, ambalo hapa liko karibu na kaunta ya kulipia ili likuumize mbele ya mtoto, haliuzwi Marekani, kwa sababu sheria yao ya mwaka 1938 inakataza kufungia kitu kisicholiwa ndani ya pipi. Ulaya nako walizozana miaka thelathini. Uingereza ilipojiunga na wenzake wa Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, chokoleti yake ilikuwa na mafuta kidogo ya mimea mingine pamoja na siagi ya kokoa, na nchi kadhaa zikakataa kuiita chokoleti. Mwaka 2000 ikakubaliwa kwamba mafuta hayo yasizidi asilimia 5. Hispania na Italia zikaendelea kushikilia msimamo wao mpaka mahakama ya Ulaya ilipoziambia mwaka 2003 zimekosea. Miaka yote hiyo Mwitalia wa kawaida alikuwa hajui kama yuko vitani.

Kwa watu wa pwani wenye jamaa Muscat na Dubai, ramani ni tofauti kabisa. Wao chokoleti ya kuletewa ni Galaxy, na juu yake ni Mackintosh, yaani kopo la Quality Street. Ilianzia Halifax, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1936, lakini jaribu kumwambia bibi wa Unguja kwamba hiyo ni ya Kizungu. Kwake ni ya Oman, imekuja na mwanawe wa Oman, mwisho wa habari. Kopo likiisha linawekwa visheti au nyuzi na sindano, na mgeni anayelifungua kwa tamaa anajifunza adabu. Siku hizi kuna pia ile ya Dubai yenye pistachio na kunafa ndani, iliyoanzishwa na duka la Fix mwaka 2021 na kulipuka mitandaoni mwisho wa 2023. Mwanzoni hata waliokuwa Dubai wenyewe walihangaika kuipata. Sasa imeigwa kila mahali, nimeiona hata Kariakoo, na sikuinunua. Kitu kikishapatikana kirahisi hivyo, hamu yangu hushuka, na najua hilo halinisifii.

Za Afrika Kusini nazitaja tu kwa heshima ya Peppermint Crisp, ambayo ndani ina vijiti vya mnanaa vinavyovunjika kwa mlio. Enzi za Shoprite, yale maduka makubwa ya Afrika Kusini, ilikuwa haikosi Dar. Mwaka 2014 Shoprite wakauza maduka yao kwa Nakumatt ya Kenya, baadaye Nakumatt nao wakaanguka, na tangu hapo mimi na Peppermint Crisp tunaonana kwa bahati.

Hayo yote ni mambo ya karatasi na biashara. Kwetu, adui wa kwanza ni jua. Siagi ya kokoa huyeyuka karibu nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili, na ndiyo maana inalegea mdomoni kwa raha ile. Lakini Dar mwezi wa Februari, saa nane mchana, ndani ya Noah iliyoegeshwa, nyuzi 34 ni ubaridi. Umeme ukikatika usiku dukani, chokoleti huyeyuka na kuganda tena ovyo, na ukiifungua unakuta utando mweupe juu yake. Watu huitupa wakidhani ni kuvu. Si kuvu, ni mafuta yamepanda juu, na haimdhuru mtu. Ila ladha imekwenda. Inakuwa ya ungaunga, na ukiivunja hailii. Kwa hiyo simlaumu mwenye duka anayeagiza zile zile zenye biskuti na karanga ndani, zinazovumilia misukosuko, na kuziacha zile laini kwa wenye majokofu na ujasiri.

Jeshi la Marekani lilikumbana na tatizo hili zamani. Mwaka 1937 Kapteni Paul Logan aliwaomba Hershey wamtengenezee chokoleti ya dharura ya askari, isiyoyeyuka, na, kwa makusudi kabisa, isiyo tamu: ladha yake iizidi kidogo tu ile ya kiazi cha kuchemsha, ili askari asiimalize kabla ya njaa ya kweli. Walifanikiwa kupita kiasi. Askari wengi waliitupa. Mwaka 1943 ikatoka nyingine kwa ajili ya nchi za joto, nayo haikumpata mpenzi.

Waghana wamelitatua jambo hilo kwa heshima zaidi. Chokoleti yao, Golden Tree, inatengenezwa Tema, kwenye kiwanda cha Cocoa Processing Company, na mjini Accra wachuuzi wanaiuza kwenye foleni ya magari, juani, pale ambapo wetu wangekuwa wanauza maji na karanga. Haiyeyuki ovyo. Ni ngumu kidogo jinoni, utamu wake hauna fujo, na kokoa unaisikia. Tangu mwaka 2005, kila Februari 14 Waghana wanahimizwa kuienzi siku hiyo kwa kula chokoleti ya nchi yao, jambo ambalo naliona la akili kuliko maua ya plastiki. Nje ya Ghana ni adimu sana. Mfanyakazi mwenzangu aliyekwenda Accra kikazi aliniletea, na nilipokuwa naila nikageukia swali lililokuwa limekaa mlangoni kwetu miaka yote: wao wanalima kokoa na wana chokoleti yao, sisi je?

Upande wa mama mimi ni wa Kyela. Kwa asiyepajua, ni bonde la chini kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mita mia tano hivi kutoka usawa wa bahari, joto na mvua na mbu, wakati Tukuyu kule juu watu wamevaa makoti. Nchi nzima inaijua Kyela kwa mchele. Ukimwambia mtu wa Dar kwamba sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania inatoka huko, atakujibu kwamba mchele wake ni mzuri sana.

Kokoa inakaa chini ya migomba, kwenye kivuli. Tunda lake halining'inii kwenye matawi tu, bali huota hata kwenye shina lenyewe, jambo linalowashangaza wageni wote. Ukilipasua unakuta punje zimevikwa nyama nyeupe inayoteleza, tamu yenye uchachu, na hiyo ndiyo kokoa tuliyoijua utotoni: tulimumunya ile nyama na kutema punje, na tukifumaniwa tunakimbia, kwa sababu kinachotemwa ndicho kinacholipa ada. Kisha punje huvundikwa kwa siku kadhaa, kwenye masanduku ya mbao au kwa kufunikwa na majani ya mgomba. Joto hupanda humo lenyewe, linaweza kukaribia nyuzi 50, na uani kunanuka siki na pombe. Bila hatua hiyo hata fundi wa Ubelgiji hawezi kupata chokoleti, maana ladha huanzia hapo. Halafu inaanikwa mpaka ikauke. Katika hatua zote hizi hakuna harufu ya chokoleti hata chembe. Harufu hiyo huja kokoa ikikaangwa, na kukaanga hakufanyiki Kyela.

Siku hizi inauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi, kwa mnada, kisha inapanda lori, kisha meli. Mwaka 2024, mavuno ya Afrika Magharibi yalipoharibika kwa magonjwa na hali ya hewa, bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Nilipokwenda likizo mwaka huo niliona bati mpya na pikipiki mpya, na mazungumzo ya msibani yalikuwa ni mnada.

Sasa, Kyela kuna mahali panaitwa Mababu. Na huko Springfield, Missouri, katikati ya Marekani, kuna kiwanda kidogo cha Shawn Askinosie, wakili wa zamani wa kesi za jinai aliyeacha mahakama akaenda kutengeneza chokoleti. Ananunua kokoa moja kwa moja kutoka kwa wakulima wa huko, anakuja mwenyewe kuwaona, anawalipa juu ya bei ya soko na kuwagawia sehemu ya faida. Chokoleti anayoitengeneza kwa kokoa yao ni ya asilimia 72, imeandikwa mbele Mababu, Tanzania, na ina picha ya mkulima. San Francisco nako wako Dandelion, wanaotumia kokoa na sukari basi, na moja ya chokoleti zao imeandikwa Kokoa Kamili. Kokoa Kamili iko Mbingu, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Tangu mwaka 2013 inanunua kokoa mbichi kutoka kwa wakulima wadogo, kisha inaivundika na kuikausha yote mahali pamoja, ili mnunuzi wa ng'ambo apate ladha isiyoyumba.

Mtu wa Springfield anaweza kuipata Mababu leo mchana. Mimi nimeitafuta Mbeya mjini. Nimeitafuta Dar, nikaenda mpaka Masaki, kwenye yale maduka ambako hata chumvi ina nchi inakotoka. Haipo. Haki itendeke: Dar wapo watengenezaji wachache, Chocolate Mamas wakiwemo, wanaotumia kokoa ya hapa, na ukipata zao nunua. Lakini Mababu yenyewe, yenye jina la kwetu na sura ya mtu wa kwetu, nililetewa na dada yangu kutoka Marekani. Ilitoka Kyela kwa lori, ikaenda Amerika kwa meli, ikarudi Tanzania kwenye mkoba wa mkononi, imefungwa ndani ya sweta.

Ladha yake? Usitarajie Dairy Milk. Haina maziwa. Inaanza na uchachu wa matunda unaokushtua, halafu uchungu unakuja taratibu bila kukwaruza, na inakaa ulimini muda mrefu. Kipande cha kwanza sikukielewa. Cha tatu nikafungia nyingine kabatini, mbali na watoto.

Hiyo nyingine nilimpelekea mama mdogo, Kyela, kwa basi la usiku, kwenye chupa ya chai isiyo na chai. Mama mdogo amelima kokoa tangu kabla sijazaliwa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma karatasi yote kwa miwani, akamtazama yule mkulima wa pichani kwa jicho la mtu anayetafuta undugu, akatia kipande mdomoni.

"Ni kokoa," akasema, kana kwamba nilikuwa nimembishia. Akatafuna. "Sukari waliikosa?"

Nikamweleza kwamba huko wapenzi wa chokoleti wanaitaka hivyo, na wanalipa zaidi kwa kukosa sukari. Akacheka mpaka akaweka miwani chini. Kisha akauliza bei, na kicheko kikaisha. Nilimwambia inakaribia dola kumi.

Mama mdogo hakusoma mbali, lakini kwenye mizani hakuna wa kumwibia. Akataka kujua kilo moja ya kokoa kavu inatoa chokoleti ngapi kama hii. Tukakaa tukahesabu. Ukishakaanga na kupepeta maganda, kilo inabaki kama gramu 800. Chokoleti moja ina gramu 85, na asilimia 72 ya hizo ndiyo kokoa, kama gramu 61. Basi kilo moja inatoa chokoleti kumi na mbili, kumi na tatu. Dola mia na ushee. Yeye alikuwa ameuza kilo yake kwa sehemu ndogo ya hiyo, na huo ulikuwa mwaka wa neema.

Nilijitahidi kuwatetea Wamarekani. Nikamwambia kuna sukari humo, kuna umeme, kuna kodi ya jengo, mishahara ya Marekani, karatasi, posta, mwenye duka naye ana mgawo wake, na kwamba huyu mzungu hasa analipa vizuri kuliko wengine. Akakubali yote. Halafu akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Hiyo mashine yao ni kubwa kiasi gani?"

Si kubwa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Watengenezaji wengi wadogo wa Marekani walianzia jikoni mwao. Kokoa inakaangwa kwenye oveni ya kawaida. Maganda yanapeperushwa kwa upepo, na Kyela hakuna mwanamke asiyejua ungo. Kinachofuata ni kusaga kwa mashine ya mawe ya mezani, aina ile ile Wahindi wanayosagia mchele na dengu, ambayo inazunguka siku nzima na zaidi mpaka kokoa na sukari vilainike. Mwisho ni kuipoza kwa mpangilio maalumu ili igande ikiwa inang'aa na inavunjika kwa mlio. Madagascar wamekuwa wakitengeneza chokoleti yao kwa kokoa yao tangu mwaka 1940, kampuni ya Robert, Antananarivo. Mashariki mwa Kongo, Hifadhi ya Virunga ina kiwanda kidogo kinachosindika kokoa ya wakulima wa jirani, katika eneo ambalo lina kila kisingizio cha kutofanya hivyo.

Mama mdogo akasikiliza yote. Umeme wa kuzungusha mawe siku nzima, akasema, huo utakatika, itabidi mtu alale hapo. Na joto la Kyela halitaigandisha kitu. Hapo nikanyamaza, kwa sababu ni kweli: chumba cha kazi hiyo kinatakiwa kiwe baridi, na kiyoyozi kingekula faida yote.

"Tukuyu je?" akauliza.

Tukuyu iko juu, mita 1,500 hivi. Baridi ni ya bure, mwaka mzima, hata Februari mtu analala na blanketi. Kutoka Kyela ni lami, unapanda mlima tu, na kabla hujamaliza mahindi ya kuchoma uliyonunua njiani umefika. Mashamba chini, kiwanda juu. Sijui kwa nini halikuwahi kunijia, mimi niliyesoma mpaka bei za New York.

Kaka yake marehemu baba mdogo ana fremu mbili pale Tukuyu stendi. Mama mdogo amekwisha kupiga simu kuulizia kodi, akaambiwa moja ina fundi cherehani mpaka mwezi wa sita, nyingine iko wazi ila inavuja upande mmoja. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta bei ya mashine ya mawe. Ya kilo mbili na nusu inatosha kuanzia, kasema, na nisinunue ya rangi.